Hukuzaliwa Nayo, Kipkoech

Kipkoech,

Uko hapo nje unakamua, nasikia maziwa yakigonga ndoo, na mimi niko humu ndani nakuandikia kama mama ambaye mwanawe yuko ng'ambo. Ukiinua macho utaniona dirishani. Tafadhali usiinue. Tangu Jumapili nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umepata soksi. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kukosa maneno. Kwenye chama cha akina mama wananiomba nipunguze. Lakini kuna jambo moja limenikaa kooni tangu ukiwa mtoto wa kubebwa, na kesho unapanda gari kwenda Nakuru, na nikikuacha uende bila kulijua sitajisamehe.

Baba yako na dada yako wamepeleka majani ya chai kituoni, na lori la kiwanda likichelewa kama kawaida yake nitapata nafasi ya kumaliza. Habari za sanduku sikuandikii. Blanketi liko, sweta iko, na ukila vibaya huko ni tumbo lako. Mambo hayo utayaweza, umeyaweza kitambo bila mimi. Nimetumia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofunzwa kuandika shuleni, na pia kwa sababu kwa Kipsigis ningelia kabla sijafika katikati.

Juzi tulipokuwa tukichuma upande wa chini karibu na mto, uliniuliza swali. Ulikuwa mstari wa pili kutoka kwangu na hukuniangalia. Ulisema, "Mama, nikienda Nakuru, yeye ataenda na mimi?"

Hukutaja jina. Mimi na wewe tunajua ulikuwa unamsema Mitei, mdogo wake baba yako, aliyekufa kabla hujazaliwa, yule ambaye nyumba hii yote imekuambia tangu utotoni kwamba amerudi duniani kupitia kwako. Nami nikakujibu, "Chuma, mvua inakuja." Mvua yenyewe haikuja. Uliinama ukaendelea kuchuma, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, na mimi nikaendelea na mstari wangu huku masikio yakiniwaka. Kijana mwenye ndevu anamwuliza mama yake kama marehemu atamfuata chuoni, na mama anamwambia achume. Niliona aibu hadi nikashindwa kula jioni ile, na nyinyi mkadhani ni malaria.

Sasa nakujibu. Haendi na wewe. Hajawahi kuwa ndani yako hata siku moja, na mimi nimelijua hilo tangu siku ya kwanza.

Wacha nikueleze vile ilikuwa, na usiruke mstari.

Unaijua desturi yetu ya kumwita mtoto jina, ambayo watu wa kanisa tunasema tumeiacha na bado tunaifanya mlango ukiwa umefungwa. Akina mama wanakaa na mtoto, wanataja majina ya wazee wa ukoo waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na jina litakalotajwa mtoto apige chafya, basi huyo ndiye amekuja. Mtoto akichelewa anasogezewa ugoro kidogo puani. Si udanganyifu, wote wanaona, ni wa kumwamsha tu. Lakini wale akina mama hawataji majina ya watu wote. Mtu aliyekufa vibaya, bila mke, bila mtoto, haitwi. Anaachwa apumzike huko aliko.

Mitei alikufa hivyo. Alikuwa kijana mzuri, mcheshi, anachuma chai kwenye mashamba makubwa na kuimba. Akaanza kuvuta bangi na wenzake, wenzake wakavuta wakaacha, yeye hakuacha. Akaanza kusikia watu wakimwita mahali pasipo na watu. Siku moja akaondoka kwa miguu, na aliyemwona tena alimkuta Londiani, kando ya msitu, amekufa kwa baridi bila koti. Alikuwa kitinda mimba wa kogo yako, nyanya yako mzaa baba. Kogo hakulia mbele ya watu. Alianza tu kuongea peke yake akiwa jikoni.

Basi wewe ulipozaliwa, kogo ndiye aliyeshika ugoro. Ulikuwa umelala, mzito, umeshiba. Wakataja babu wa baba yako, ukanyamaza. Wakataja kaka yake, ukanyamaza. Kogo alikuwa ameweka mkono mbali, karibu na kifua chako, ugoro haukufikii. Halafu wanawake wakiwa wanashauriana nani afuate, kogo mwenyewe akasema, kwa sauti ndogo kabisa, jina la mwanawe. Na papo hapo akausogeza mkono hadi puani mwako, akausukuma. Mimi nilikuwa nimekupakata. Vidole vyake viligusa mkono wangu. Ulipiga chafya hadi ukafumbua macho yote mawili.

Wale wengine walishtuka kwanza, kwa sababu jina lile halikutarajiwa. Halafu mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakafuata, nani angebaki kimya? Kogo aliniangalia. Alijua nimeona. Nami nilimwangalia, nikatabasamu, nikakufunika blanketi.

Usimlaumu sana. Alikuwa mama aliyemtaka mtoto wake, na pua yako ilikuwa karibu. Mlaumu huyu anayekuandikia, ambaye hakuwa amefiwa na mtu na alikuwa na akili zake timamu.

Nitakuambia kwa nini nilinyamaza. Kabla ya siku hiyo kogo hakunipenda. Alikuwa amemchagulia baba yako msichana wa Bomet, mwenye mabega ya kubeba kikapu, si mimi niliyekuja na vitabu vya darasa la saba na mdomo. Alikuwa akipita jikoni mwangu bila salamu. Baada ya chafya yako nikawa binti yake. Alinipa kibuyu chake mwenyewe cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kibuyu kile alichokuwa akikisugua kwa mkaa tangu ujana wake. Alikubeba mgongoni siku nzima ili mimi nilale. Nilipewa amani, Kipkoech, na nilijua imetoka wapi, nikaila. Ningefungua mdomo wangu huu ambao haujui kufunga, yote yangeisha. Kwa hiyo siku hiyo moja mdomo ulijua.

Kogo akiwa hai, jina hilo lilikuwa tamu. "Mitei wangu kaja, mpeni maziwa." Ulikuwa unapenda kuimba, akasema mnaona. Ulikuwa unapenda kukaa peke yako juu ya jiwe ukitazama ndama, akasema mnaona. Lakini alipokufa, jina likabaki kwa baba yako, na kwa baba yako lilikuwa hofu. Yeye ndiye aliyekwenda Londiani kumleta ndugu yake nyumbani, na hajawahi kuniambia aliona nini. Ukichelewa kurudi na ng'ombe, alisimama langoni. Ukicheka sana, alikuangalia macho. Alikuwa anasubiri. Baba yako alimsubiri ndugu yake ndani ya mtoto wake miaka yote hiyo, na mimi, ambaye ningemwondolea mzigo huo kwa sentensi moja, nilikuwa nampakulia ugali.

Sasa tufike shuleni. Hapo ndipo naona haya kuliko pote, na nimepika chai kwanza ili nipate nguvu ya kuandika.

Mlikamatwa vijana wachache nyuma ya jiko la bweni na msokoto mmoja. Wazazi tukaitwa. Baba yako alikuwa na zamu kiwandani, nikaenda mimi, na kitambaa changu cha kanisa kichwani. Tuliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kando yangu alikuwa mama mmoja Mjaluo kutoka nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, mwanawe alikuwa kwenye kundi lenu. Alipoitwa, mlango haukufungwa, nilimsikia. Hakusema mambo mengi. Alisema mwanawe ni mjinga kama vijana wote, achapwe, afagie, achote maji mwaka mzima, lakini arudi darasani, na yeye haondoki hapo mpaka arudi. Alikaa chini kabisa sakafuni. Mwalimu alicheka, akamrudisha kijana darasani.

Halafu nikaitwa mimi. Na mimi nikasema, "Mwalimu, huyu alizaliwa nayo. Ni baba yake mdogo amerudi ndani yake, na yule, bangi ndiyo ilimuua."

Niliyasema kwa sauti ya huruma, na machozi nikatoa. Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa huku kwetu. Hakujua mambo ya kuita jina, wala hakuuliza. Alinisikiliza, akavua miwani, akaniambia pole, halafu akasema, "Kama mama mwenyewe anasema hii haitaisha, mimi ni nani nimrudishe kati ya watoto wa watu?"

Wenzako wote walirudi. Wewe peke yako ulifukuzwa, na aliyekufukuzisha ni mimi.

Umewahi kujiuliza kwa nini nilisema vile, najua, kwa sababu ulikuwa umesimama nje ya dirisha na ulisikia. Wakati huo nilijiambia natafuta huruma. Uongo. Nilikuwa naogopa wale wazazi wengine, naogopa waseme mama wa kanisa ameshindwa kulea. Nilitaka lawama imwendee mtu aliyekufa, ambaye hawezi kuja kunijibu. Sikufikiria kwamba lawama haikwenda kaburini. Ilikuja kwako, uliyekuwa hai, mwenye miaka kumi na sita.

Tulipofika langoni uliniambia, "Nilivuta, Mama. Mara moja tu, na sikuipenda." Kijana mwingine angekataa. Wewe ulisema ukweli wako wote, bila mtu kukushika. Na mimi nikakuambia, "Nilijua utavuta."

Hayo maneno nayakumbuka kila nikipita lango lolote la shule. Ningetoa nini niyarudishe.

Ukarudi nyumbani ukachuma chai. Hukulalamika. Baba yako hakukupiga, alikuombea tu, kila jioni, mkono juu ya kichwa chako, amkemee Mitei aondoke, na wewe ukiwa umepiga magoti umetulia. Niliona unaanza kuamini. Siku ile jirani alipotaka vijana wa kupakia viazi Londiani, kazi nzuri, ulikataa kupanda lori. Nilikufuata zizini nikakuuliza kwa nini, ukasema bila hata kuniangalia kwamba kama wewe ni yeye, basi mahali pako pa kufia panajulikana, na huoni haraka ya kwenda. Ulisema kama mtu anayesema hali ya hewa. Nikasimama pale na ndoo. Nilikuwa na dawa ya ugonjwa huo mdomoni mwangu, nikaimeza tena.

Sasa nikuambie kuhusu yule daktari, kwa sababu hujawahi kujua nilichouliza wala nilichojibiwa. Wewe ulikataa kuja.

Kanisa lilimwalika daktari kutoka Kericho aje kuongea na vijana na wazazi kuhusu bangi. Mchungaji alitarajia moto. Akaja msichana mdogo, amevaa raba, anaongea polepole. Alisema bangi inaharibu masomo, ina hatari zaidi kwa ubongo ambao bado unakua, na kuna watu inawavuruga akili kabisa. Hapo mchungaji akafurahi. Halafu akauliza kama kuna swali. Watu walinyamaza, na unajua mimi siwezi kuvumilia watu wakinyamaza. Nikasimama nikasema, "Daktari, kwa nini mwili wa mtu una mahali pa kuipokea bangi? Si ungeikataa tu, kama unavyotapika sumu?"

Akina mama walicheka. Mwenyekiti wetu akanivuta sketi nikae. Lakini nakuambia ukweli, sikuuliza kwa kutaka kujua. Nilitaka aseme mbele ya watu wote kwamba kuna watu fulani wenye mahali hapo, na wengine hawana. Nilitaka aniambie wewe una mlango ambao mtoto wa yule Mjaluo hana. Kama angesema hivyo, ningekuwa sijakosea pale ofisini.

Daktari hakucheka. Alisema hilo ndilo swali wanasayansi wenyewe walikuwa wakijiuliza, na jibu limeanza kupatikana juzijuzi tu, hata yeye hakufundishwa chuoni, alilisoma baadaye. Kwenye meza ya wageni kulikuwa na vibuyu vya mursik. Akachukua kimoja, akatoa kifuniko, akakirudisha, kikakaa sawasawa. Akasema kwenye ubongo wetu, na sehemu nyingine za mwili, kuna vipokezi, vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kipokezi kina kifuniko chake. Halafu akachukua kifuniko cha kibuyu cha pili, akakibandika kwenye kile cha kwanza. Kiliingia, lakini kwa nguvu, na alipotaka kukitoa ikabidi azungushe. Akasema, "Mwili hauna mahali pa bangi, mama. Una mahali pa kitu chake wenyewe. Bangi ni kifuniko cha jirani, kimetosha kwa bahati."

Kumbe mwili unatengeneza kitu chake, ndani kwa ndani, kinachofanana kidogo na cha bangi. Unakitengeneza kinapohitajika, kidogo, mahali kinapohitajika, kinafanya kazi muda mfupi halafu kinavunjwa kinaisha. Alisema inaonekana kazi yake ni kutuliza. Mishipa ya fahamu ikipiga kelele kupita kiasi, kitu hicho kinaiambia basi, imetosha. Maumivu yakizidi. Hofu ikizidi. Kinahusika na njaa pia, na kusahau. Alisema waliokigundua walikipa jina kutoka lugha ya zamani ya Wahindi, kwa neno lenye maana ya furaha. Bangi ikija inaziba vipokezi vyote kwa pamoja, vinavyohitaji na visivyohitaji, inakaa kwa muda mrefu, ndiyo maana mtu anacheka bila sababu, anasikia njaa, anasahau alichokuwa anasema, na mwingine anaingiwa na woga. Nikamuuliza huo mmea ulijuaje umbo la kifuniko chetu. Akasema mmea haujui habari zetu. Labda unajikinga na wadudu, labda na jua kali, bado watu wanatafuta.

Nilikuwa bado nimesimama. Nikauliza, nani wenye vipokezi hivyo. Akasema wote. Panya wanavyo, ng'ombe wanavyo.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama. Hata mchungaji."

Kanisa zima liliangua kicheko, mchungaji naye akakohoa. Mimi sikucheka. Nikauliza tena, na mtu aliyeingiwa na wazimu kwa kuivuta, yeye alikuwa na nini? Akasema hawajui yote. Kuna akili ambazo tayari zilikuwa na ufa, na bangi inaweza kuusukuma, hasa kwa kijana anayevuta sana, kila siku. Kwa hiyo katika ukoo wenye mtu kama huyo ni vizuri kuwa mwangalifu. Lakini kuwa mwangalifu si kuhukumiwa, alisema, na aliyeonja mara moja si mgonjwa. Alikuwa kama anakujua.

Nilitembea kutoka kanisani peke yangu, nikawaambia wenzangu nina kazi. Nilipita kwenye chai badala ya barabara ili nisisalimiwe. Nilikuwa nafikiria kile kitu kinachosema basi, imetosha. Nilikuwa nafikiria usiku niliokuzaa, jinsi nilivyoapa sitarudia, na siku chache baadaye nikikuangalia nimeshasahau. Sijui kama ni kitu hichohicho kilichofanya hivyo, daktari hakusema, mimi ndiye ninayesema. Lakini Mungu aliweka huruma ndani ya miili yetu sote, na mimi niliikuta ndani ya mtoto wangu nikaiita shetani. Nikampeleka kwa mwalimu na jina hilo.

Na baada ya kujua hayo, nilikuambia? Sikukuambia. Ningekueleza kuhusu vibuyu, ungeuliza, na chafya je? Ningefika kwa ugoro. Nikifika kwa ugoro ningefika ofisini kwa mwalimu. Kila nilipoanza niliuona mwisho wake, nikanyamaza. Kukufukuzisha nilifanya kwa ujinga na woga, mtu anaweza kusema hivyo. Lakini baada ya siku ile ya kanisani sikuwa mjinga tena. Niliona baba yako akikuwekea mkono kichwani kila jioni na nikasema amina pamoja naye. Hiyo amina ndiyo mbaya zaidi.

Ulijiinua mwenyewe. Ulirudi shule ya kutwa, ukakaa darasani na watoto waliokuwa wanakuita mzee, ukamaliza, na sasa umeitwa kwenda kusomea uuguzi. Hakuna aliyekubeba. Ukisikia mtu anasema kesho kwamba maombi ya wazazi ndiyo yaliyokufikisha, mwache aseme, lakini wewe na mimi tujue.

Sitakuambia usivute. Unajua yote, na huko utafundishwa kuliko mimi. Ninachokuomba ni kingine. Nakuru ni mji, kuna siku utakuwa mpweke, kuna siku utakosea, labda kwa moshi, labda kwa pombe, labda kwa msichana. Siku hiyo usiseme ni yeye. Sema ni mimi, Kipkoech, nimekosea. Kosa likiwa lako unaweza kuliacha. Nilikupa kosa la mtu mwingine ambalo hukuweza kuliacha kwa sababu hukuwahi kulishika. Na ukiona akili yako inachoka, ukianza kusikia usichokiona, nenda kwa daktari kama unavyokwenda kwa jino, usikimbie. Hata Mitei kama angepelekwa kwa daktari badala ya kuogopwa, sijui. Na yeye nimemkosea. Alikuwa kijana mgonjwa aliyependa kuimba, na nimemtumia kama jalala miaka yote hii.

Sikuombi unisamehe. Ukisamehe ni vizuri, usiposamehe ni haki yako, na usijilazimishe kuniandikia. Ukitaka kuandika, niandikie habari za vipokezi, kama wamepata jambo jipya.

Naona umemaliza kukamua, unamfungulia ndama. Imebaki sehemu moja, na hii hujui. Baba yako amemwita mchungaji na wazee wa kanisa waje kesho asubuhi kabla hujaondoka. Ameniambia mimi tu. Wanataka kukuweka katikati ya watu, wakuombee, wamfunge Mitei asivuke Londiani na wewe, maana gari la Nakuru linapita huko. Baba yako amefurahi sana na mpango huo, amenunua hata sukari. Hajui habari ya ugoro. Hakuna anayejua, wale akina mama waliobaki waliona chafya tu.

Nilifikiri nimwambie yeye kwanza akirudi leo, chumbani, polepole. Lakini nilikutaja vibaya mbele ya watu, mlango ukiwa wazi, na chumbani hapatoshi. Kwa hiyo kesho, mchungaji akisema watu wainamishe vichwa, mimi nitasimama. Nitasema niliyoona siku ya kuitwa jina, na niliyosema kwa mwalimu mkuu, mbele ya wazee na mbele ya mwenyekiti wetu wa akina mama. Baba yako ataumia, na ataaibika, na sijui baadaye nyumba hii itakuwaje. Hilo ni langu na lake, usikae kulisubiri, gari lisikuache.

Najua moyo wako. Utaniona nimesimama natetemeka, na utataka kuniokoa, uniambie basi, Mama, imetosha. Usiniambie. Usinivute nikae. Niache niseme mpaka mwisho.

Mama yako